Mzigo wa Shaba Uliotoka Dar es Salaam

Kuanzia mwaka 1922 hadi 1968, ukiondoa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, mbele ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, ilisimama sanamu iliyotoka Dar es Salaam. Ni ya Hermann von Wissmann. Amevaa sare ya kijeshi ya nchi za joto, mkono umeegemea upanga, macho yametupwa mbali juu ya vichwa vya wapita njia. Chini yake yupo askari Mwafrika, wa shaba vilevile. Askari huyo ameinua uso kumtazama bwana wake, na bendera ya Ujerumani aliyoishika anaishusha juu ya simba anayekata roho. Wanafunzi waliowahi vipindi walipita hapo, na maprofesa pia. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kujifunza Kiswahili.

Ninaandika nikiwa Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe ambao Watanzania wengi wanaujua kwa foleni ya malori. Mimi ni wakala wa forodha. Mizigo ya watu hupita mikononi mwangu kwanza kwa karatasi, ndipo ipite kwa magurudumu. Shaba ndiyo bidhaa ninayoijua kuliko zote. Inashuka kutoka Kongo na Zambia ikiwa mabamba yaliyofungwa mafungu mafungu, inavuka Nakonde, lakiri inakaguliwa, gari linapita mizani pale Mpemba, halafu linashika njia ya kwenda bandarini. Lakini Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilisomea historia, na historia ndiyo iliyonikutanisha na shaba hii nyingine, ambayo safari yake haikuanza mgodini wala haikuishia kiwandani. Tangu nilipoisoma habari yake nimekuwa nikiamini kwamba ni sehemu ya historia ya huku kwetu Songwe, na kwamba vijana wetu walioko vyuoni wanapaswa kuijua.

Wissmann alizaliwa Frankfurt an der Oder tarehe 4 Septemba 1853. Katika safari yake ya pili ya kulikata bara, aliyoimaliza mwaka 1887, alitoka Kongo akafika Ziwa Tanganyika, akapita uwanda wa juu hadi Ziwa Nyasa, akateremka Shire mpaka Quelimane, Msumbiji. Uwanda huo kati ya maziwa mawili ndio nyumbani kwetu: nchi ya Wanyiha, Wanamwanga na majirani zao. Wakati huo hapakuwa na mpaka hapa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba wao, na mstari ukapitishwa ili barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Karonga na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wa Waingereza. Mwaka 1898 tume ya pande zote mbili ilikuja kuupima mstari huo ardhini. Kila fomu ninayoijaza leo, na kila dereva anayelala kwenye foleni, anautii mstari wa watu wale.

Huyu Wissmann ndiye aliyetumwa na serikali ya Ujerumani mwaka 1889 kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Jeshi la Wissmann halikuwa la Wajerumani isipokuwa kwa maofisa. Wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na watu wa kusini mwa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Mwaka 1893 alirudi tena upande wetu, akashusha majini Ziwa Nyasa meli iliyobeba jina lake, iliyosafirishwa vipande vipande kwa kupitia Zambezi na Shire. Fikiria mabega yaliyobeba vipande vile kuyapita maporomoko ya Shire. Alikuwa gavana wa koloni kwa muda mfupi, 1895 na 1896, akarudi kwao, akafa mwaka 1905 katika ajali ya uwindaji huko Austria.

Mwaka huo huo wa 1905 ndio vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ilipoanza kusini mwa nchi. Vita ilizimwa mwaka 1907. Hesabu ya Wajerumani wenyewe iliwataja Waafrika 75,000 waliokufa, na wanahistoria wetu wamefika 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Miaka miwili baadaye, 1909, sanamu ya Wissmann ilizinduliwa Dar es Salaam. Aliyeichonga ni Adolf Kürle. Mtu asiitazame sanamu hiyo bila kuikumbuka tarehe hiyo. Kusini watu walikuwa bado wanazika, na mjini serikali ilikuwa inasimamisha shaba.

Turudi kwa yule askari, kwa maana nadhani yeye ndiye anayeeleza habari yote. Wissmann yuko juu ya kitako cha mawe, peke yake, na hakuna kinachomhusu huko chini. Askari yuko chini, na kila kitu mwilini mwake kinaelekea juu: shingo, macho, kidevu. Bendera haikusimama wima mkononi mwake. Ameilaza juu ya mnyama kama mtu anayefunika maiti. Simba ndiye nchi. Askari ndiye aliyemuua, kwa mikono yake na kwa hatari yake, lakini ushindi anauwasilisha kwa mtu ambaye hata hamtazami. Mchongaji alijua kazi yake. Alitaka anayepita pale mjini, awe mpagazi, mchuuzi wa samaki au karani, aone kwa mara moja nani yuko wapi katika mpangilio wa dunia. Halafu kuna jambo la majina. Jina la Wissmann liko wazi. Askari hana jina, kwa sababu hakukusudiwa kuwa mtu fulani.

Waingereza waliiteka Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, siku ambayo Wissmann angetimiza miaka 63. Wakaing'oa sanamu na kuipeleka London kama nyara. Baada ya vita Wajerumani waliidai, na mwaka 1921 Waingereza wakaitoa. Katika mabadilishano hayo yote hakuna aliyeiuliza Dar es Salaam, wala kwa kuichukua wala kwa kuirudisha. Mtu wa kazi yangu analiona hilo haraka. Mzigo unakuwa na mtumaji, mpokeaji, na nchi unayopitia. Hapa mtumaji na mpokeaji walikuwa watu wale wale waliogawana nchi, na sisi tulihesabiwa kama njia tu.

Sasa, kwa nini ipelekwe chuo kikuu? Ingeweza kuwekwa bandarini, na Hamburg ni mji wa bandari. Kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, ilikuwa na makao yake huko na meli zake ndizo zilizokuja pwani yetu. Lakini Chuo Kikuu cha Hamburg kilichofunguliwa mwaka 1919 kilikuwa kimezaliwa kwa sehemu kubwa na chuo kingine, Kolonialinstitut, kilichoanzishwa mwaka 1908 ili kuwafundisha maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakienda makoloni. Jengo lenye kuba pale Edmund-Siemers-Allee, lililofunguliwa mwaka 1911, lilitolewa kama zawadi na mfanyabiashara ambaye mtaa wenyewe una jina lake. Ndani yake Carl Meinhof alifundisha lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Kwa mkataba wa Versailles wa 1919 Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yote. Kwa hiyo ilipofika 1922, kumsimamisha Wissmann mbele ya mlango wa chuo kulikuwa na maana moja: kuwaambia vijana wanaoingia kwamba kilichopotea kitatafutwa tena. Mwaka 1935, wakati wa Hitler, wakamwekea mwenzake, Hans Dominik, ofisa aliyekuwa na sifa mbaya ya ukatili nchini Kamerun. Wawili hao wakaendelea kuulinda mlango wa elimu.

Sanaa ya nje ya chuo ina nguvu hiyo ambayo sanaa ya makumbusho haina. Makumbusho unakwenda kwa hiari yako, na ukitoka umetoka. Sanamu ya uwanjani unakutana nayo ukiwa na njaa, ukiwa umechelewa, ukiwa umefeli, ukiwa umependa. Miaka mitatu au minne ya ujana wako inapita chini ya macho yake. Huisomi, lakini inakuzoeza. Ukiuliza ni nani anayestahili kuinuliwa, macho yako tayari yana jibu kabla akili haijafikiri.

Wakati yule askari wa shaba anasimama Hamburg akimtazama bwana wake, walikuwepo Ujerumani watu hai waliotoka pwani yetu, wenye majina. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903. Alioa mwanamke Mjerumani. Walipojaribu kurudi pamoja mwaka 1905, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka Dar es Salaam. Fikiria hilo: mwandishi wa mila za pwani anazuiwa kukanyaga pwani. Alifariki Ujerumani mwaka 1927.

Na yupo Bayume Mohamed Husen, ambaye kila nikimkumbuka kalamu inakuwa nzito. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan, yaani wa jamii ile ile ya watu ambao Wissmann aliwaandikisha na Kürle akawatia katika shaba. Mtoto huyo alikwenda vitani pamoja na baba yake akiwa bado mdogo, katika jeshi la Wajerumani. Mwaka 1929 akafika Berlin, na moja ya madai yake ilikuwa mishahara ya vita ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Alifanya kazi ya uhudumu wa hoteli, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu cha Berlin kama msaidizi wa lugha. Katika sherehe za watu waliokuwa wakililia makoloni alivaa sare ya askari na kubeba bendera. Walitaka awe sanamu ile ya Hamburg, ila yenye uhai. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa Berlin, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi, jiwe dogo lenye kibamba cha shaba nyeupe na jina lake, limelazwa usawa wa njia ya waenda kwa miguu.

Ile shaba ya Hamburg iliangushwa na mabomu mwaka 1945. Ungetarajia waiache hapo. Mwaka 1949 waliisimamisha tena, mahali pale pale.

Kisha wakaja wanafunzi wa miaka ya sitini. Mwaka 1967 walikuwa wanaandamana kupinga vita ya Vietnam, wanasoma habari za Kongo na Aljeria, na ndipo macho yaliyozoea sanamu yakaanza kuiona. Mwezi Agosti walijaribu kuiangusha, Septemba wakafanikiwa. Wakuu wa chuo wakairudisha. Tarehe 9 Novemba mwaka huo huo, katika chuo hicho hicho, wanafunzi wawili walitembea mbele ya maprofesa waliovaa majoho wakiwa wameshika kitambaa kilichosema kwamba chini ya majoho yale kuna uvundo wa miaka elfu. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1968 Wissmann akavutwa chini kwa mara ya mwisho. Hakurudishwa tena. Dominik naye akaondoka katika vurugu hizo.

Nimependa sikuzote kuuweka mwaka huo wa 1967 pamoja na wa kwetu. Tarehe 5 Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Mlimani, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walianzisha chama chao cha kimapinduzi, USARF, kikiongozwa na kijana kutoka Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni. Walikuwa wanataka masomo yabadilishwe, walikuwa wanawasikiliza watu kama Walter Rodney, na baadaye wakachapa gazeti lao, Cheche. Sidhani vijana wa Hamburg waliovuta kamba walijua mengi kuhusu vijana wa Dar es Salaam. Lakini mtu waliyemwangusha alitoka Dar es Salaam, na hoja zao zilikuwa zinatoka kwenye vitabu vile vile.

Chuo chetu cha Mlimani hakikurithi sanamu ya mkoloni uwanjani. Kilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuangusha. Kilichosimama pale badala ya sanamu ni ukumbi wa Nkrumah na paa lake lililokunjwa kama kitambaa, ambalo kila Mtanzania ameshalibeba mfukoni katika noti ya zamani ya shilingi 500, na uwanja wa karibu walioupa jina la Mapinduzi. Nilipokuwa mwanafunzi tulikaa hapo jioni tukibishana mpaka giza linaingia. Wenzetu kwingine hawakuwa na bahati hiyo. Cape Town ilibidi wanafunzi wapambane hadi tarehe 9 Aprili 2015 ndipo Cecil Rhodes aondolewe katika ngazi za chuo kikuu, alipokuwa ameketi tangu 1934. Legon, Ghana, sanamu ya Gandhi iliyowekwa mwaka 2016 iliondolewa Desemba 2018 baada ya walimu na wanafunzi kuyasoma maandishi yake ya ujanani kuhusu Waafrika, na kuyakataa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Gandhi wake tangu 1956, na bado yupo. Kila uwanja una hesabu zake, wala sitaki kuzijumlisha zote katika kapu moja.

Wissmann sasa yuko ndani. Amehifadhiwa katika ghala la chini la kituo cha kutazamia nyota cha Chuo Kikuu cha Hamburg, kitongoji cha Bergedorf. Ametolewa mara chache. Mwaka 2004 msanii anayeitwa Jokinen alimsimamisha bandarini kwa zaidi ya mwaka mmoja ili wakazi wabishane na kupiga kura kwa intaneti wamfanye nini. Mwaka 2016 akaonyeshwa katika Makumbusho ya Historia ya Ujerumani, Berlin, akiwa amelazwa sakafuni, na rangi aliyomwagiwa bado iko mwilini. Nadhani hiyo ndiyo namna ya heshima zaidi aliyowahi kuonyeshwa, kwa kuwa inaeleza yote mawili, kusimamishwa kwake na kuangushwa kwake.

Mtu wa Songwe akisikia habari ya kituo cha nyota hawezi kuacha kukumbuka Kimondo. Ukiwa unatoka Mbeya kuja Tunduma, unaacha barabara kuu na kwenda Ndolezi, wilaya ya Mbozi. Pale mlimani kuna bonge la chuma lililotoka angani, urefu kama mita tatu, uzito uliokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Karibu asilimia 90 ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Mwaka 1930 mpima ardhi kutoka Johannesburg, William Nott, alikitangaza kwa wageni. Kilikuwa kimezama, sehemu ya juu tu ndiyo ilionekana. Wakachimba udongo pande zote wakaacha nguzo ya udongo katikati, nguzo hiyo ikajengewa, na ndiyo kitako cha Kimondo hadi leo. Anga zima la Mbozi liko juu yake. Watoto wa shule wanakipapasa na kukiegemea, wazee wanakigonga kidogo kwa vidole kusikia sauti ya chuma. Kule Ulaya, nyumba ya kutazamia nyota inamhifadhi gavana gizani, na huku kwetu kipande cha nyota kiko nje mchana kweupe na hakijamdhalilisha mtu yeyote. Kwa maoni yangu ndiyo sanamu bora ya nje tuliyo nayo katika mkoa huu, ingawa hakuna aliyeichonga. Kazi ya mkono wa mtu pale ni kitako tu, na kitako chenyewe ni cha unyenyekevu.

Mtoto wa kaka yangu anasoma usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Likizo iliyopita alikuja nyumbani na kazi ya darasani: kubuni uwanja wa kampasi mpya ya kufikirika katika Mkoa wa Songwe, na lazima uwe na sanaa ya nje.

"Shangazi," akaniambia, "wenzangu wote wameweka Mwalimu Nyerere."

"Mwalimu ni wa haki, lakini sanamu anazo tayari. Wewe unataka nani?"

"Nilifikiri askari. Kama yule wa pale Dar."

Alikuwa anamzungumzia yule wa mwaka 1927 aliyechongwa na James Alexander Stevenson, anayesonga mbele na bunduki yenye singe kwenye makutano ya Samora na Maktaba. Waingereza walimweka kama kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Nampenda zaidi kidogo kuliko yule wa Kürle, kwa kuwa huyu angalau hamtazami mtu juu yake. Lakini ukimzunguka utaona jambo. Maandishi yanawataja wapagazi, shaba haiwaonyeshi. Aliyepata umbo ni mwenye bunduki.

Nikamwambia mwanangu aweke mpagazi.

Akanyamaza kidogo. "Wa jina gani, Shangazi?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu la haraka. Nikamweleza yaliyotokea hapa hapa wakati wa vita hiyo. Upande wa pili wa mpaka wetu, Fife, karibu na Nakonde ya leo, Waingereza walikuwa na kambi na ghala la vita. Makumi ya maelfu ya watu wa Rhodesia ya Kaskazini, waliojulikana kama tenga-tenga, walibeba unga na risasi kutoka kusini hadi mpakani, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi kichwani, kwa wiki nyingi, na wengi hawakurudi. Upande wa huku, Wajerumani walikamata watu vijijini kufanya kazi hiyo hiyo. Mwishoni mwa Oktoba 1918 kikosi cha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kilipita Mbozi, penye misheni ya Wamoravian iliyokuwepo tangu 1899. Mwanzoni mwa Novemba kikashambulia Fife, kikaendelea Kasama, na tarehe 25 Novemba kikaweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Zaidi ya askari 1,100 walijisalimisha siku hiyo, na nyuma yao wapagazi wengi, na wanawake waliokuwa wamepika na kubeba watoto kwa miaka minne. Homa kali ya mafua ya mwaka huo ikawapata hapo hapo kambini na kuua wengi waliokuwa wamepona vita. Lettow-Vorbeck alipokelewa Berlin kwa shangwe. Mishahara ya askari iliyobaki ikawa deni la miaka mingi, deni lile lile ambalo Bayume alilifuata hadi Ulaya.

Kijana akachora. Mchoro wa kwanza mpagazi alikuwa juu ya nguzo ya mita mbili na nusu. Nilimwomba aiondoe. Tuliujadili urefu wa kitako kwa muda mrefu kuliko sanamu yenyewe, tukakubaliana sentimita 40, urefu wa mtu kukaa, ili mwanafunzi aketi pembeni yake akisubiri kipindi na bega lake lifike kwenye goti la shaba. Uso asimpe mtu mmoja, amchore mtu wa huku, mwenye miaka kama yake. Nilimshauri amweke na mwanamke nyuma yake mwenye sufuria na mtoto, kwa kuwa misafara ile haikuwa ya wanaume peke yao. Majina yaandikwe kwenye vigae vya ardhini kuzunguka kitako, na vigae vingi viachwe vitupu, kwa ajili ya familia za Mbozi, Momba, Ileje na za ng'ambo Nakonde zitakazokuja na jina la babu lililobaki kwenye kumbukumbu za nyumbani. Wapo wazee ambao bado wanayo majina hayo. Nimeyasikia yakitajwa misibani.

Kuhusu Wissmann mwenyewe aliniuliza kama tumdai. Mimi sidai arudi. Abaki Hamburg, lakini atolewe ghalani alazwe mahali wanafunzi wa huko wanapoweza kumwona, hasa wale wa Taasisi ya Asia na Afrika wanaojifunza Kiswahili katika bawa la jengo lile lile alilokuwa akililinda. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010. Maombi ya namna hiyo yana mlango wa kupitia. Yule askari wa chini ndiye ningependa aletwe, peke yake, bila bendera na bila wa kumtazama. Awekwe usawa wa ardhi, shingo yake iachwe ilivyo, na kando yake pawe na kibao chenye habari za Bayume Mohamed Husen: alizaliwa wapi, alidai nini, alikufa wapi. Nauli ya mzigo huo, kwa kontena moja dogo kutoka Hamburg hadi bandari ya Dar es Salaam, si fedha ya kutisha. Karatasi zake za forodha nitazishughulikia mwenyewe.